Buibui anajua kuandika, mwanangu wa miaka 9 hajui kusoma

Assalam aleikum Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa nane usiku niko jikoni, watoto wamelala, baba yao yuko njiani na lori huko Oklahoma, na chai yangu imeshapoa. Hii barua nimeianza mara tatu nikafuta, leo natuma ilivyo, ikikaa vibaya utanisamehe.

Tunaishi Houston, Texas. Mimi mtu wa Tanga, mume wangu wa Morogoro, tuna watoto watatu, binti wa miaka 12, wa kiume miaka 9, na kitinda mimba wa kike ana 5. Watoto wetu hawaendi shule, tunawasomesha wenyewe nyumbani. Haikuwa mpango kabisa Shangazi. 2020 shule zilipofungwa kwa korona binti ndo alikuwa anaanza shule, wakampa tableti akae nayo mezani asome, nikaona mbona nikimweleza mimi anaelewa kuliko ile skrini, zilipofunguliwa tukasema tungoje kidogo, kidogo ikawa mwaka, mwaka ndo yakawa maisha.

Siku yetu ya kawaida tunaamka, swala, chai na chochote kilichobaki jana, saa tatu tunakaa mezani tunaanza na hesabu kabla akili hazijachoka. Kitinda mimba anahesabu maharage, nusu yanaishia chini ya friji. Jumanne na Alhamisi tunaenda maktaba, binti anarudi na mabegi mawili ya vitabu kama katoka sokoni. Jioni siku tatu kwa wiki naenda kazini nyumba ya wazee. Nikirudi, hata niwe nimechoka vipi, tunasoma kwa sauti. Wote kitandani kwangu, taa moja, mimi nasoma wao wanasikiliza. Hiyo siiachi.

Mwaka huu tumesoma viwili vilivyowakolea kweli. Cha kwanza Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, nakala ya marehemu baba yangu, jalada limeshikwa na selotepu, nilikuja nayo kwenye sanduku. Kiswahili chake kigumu, kila mstari naulizwa hili neno nini lile nini, lakini waliposikia kwamba Adili kila usiku lazima awachape manyani wawili, na hao manyani ni ndugu zake Hasidi na Mwivu, aaah hakulala mtu. Cha pili Charlotte's Web cha E. B. White tulichoazima maktaba. Binti ndo aligundua vyote viwili vimetoka 1952, akafurahi kama kaokota hela. (Mama mkwe aliposikia kwenye simu kuwa wajukuu wanasomewa hadithi ya nguruwe alikata simu. Hayo tutayamaliza siku nyingine.)

Sasa tatizo. Huyu wa kiume ni msikilizaji mmoja hatari. Ukimsomea sura leo, kesho anamsimulia baba yake kwenye simu mwanzo mwisho mpaka sauti za manyani. Madrasa anasoma Jumamosi kwa Zoom, juzuu amma kashahifadhi zaidi ya nusu kwa kusikiliza tu, ustadhi anamsifu mbele ya wenzake. Kwa hiyo mimi nikajua kusoma hana shida. Anashika kitabu, anafungua, anasoma, mimi huku napika nasikia sauti, nafurahi.

Mwezi wa tatu nikakaa naye karibu. Akawa anasoma vizuri tu, ila nikaona macho yake hayapo kwenye kitabu, yapo usoni kwangu. Nikaweka kiganja juu ya ukurasa kama natania. Akaendelea kusoma. Shangazi, kiganja kiko juu ya maandishi na mtoto anaendelea kusoma. Nikafungua ukurasa ambao hatujaufikia, akanyamaza, kidole kikakaa kwenye neno la kwanza, kisha akasema tumbo linamuuma. Sikumwambia mtu. Tangu siku ile kila saa ya kusoma tumbo, au choo, au kiu.

Kilichonimaliza ni wiki jana. Tukafika pale kwenye Charlotte's Web buibui anapoandika maneno kwenye utando ili yule nguruwe asichinjwe. Binti akanyang'anya kitabu akasoma yale maneno kwa sauti, mdogo anapiga makofi, yeye akajifunika shuka. Nikasikia ndani ya shuka, kwa sauti ndogo: "Buibui anajua kuandika, mimi hata kusoma sijui."

Kila ninayemgusia ana lake. Mama mkwe anasema watoto tunawafuga ndani kama kuku wa kisasa. Shemeji anasema serikali itakuja kutunyang'anya. Rafiki yangu mmoja msomi kabisa anasema nimemchanganya na lugha mbili, niache Kiswahili nibaki na Kiingereza. Akina mama wenzangu wanaosomesha nyumbani wanasema nisimlazimishe, mtoto husoma akiwa tayari, na ndo nimekuwa najifariji hivyo. Mume wangu nilimgusia juu juu tu akasema mwache, hata yeye alichelewa sana, alichapwa fimbo mpaka la tano ndo akasoma. Na yeye ni mtu wa maongezi, meseji haandiki, ananitumia voisi tu, barua za bima zikija anamwambia binti "hebu msomee baba". Sitaki kumletea mawazo barabarani.

Nimrudishe shule? Niache Kiswahili? Au ni uvivu mimi ndo namlea vibaya?

Mama Watatu, Houston

---

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba. Hiyo chai imwage uchemshe nyingine, hapa tutakaa.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili na kalamu mkononi, maana jibu umeliandika mwenyewe humo ndani halafu ukalipita. Mtoto anayesoma wakati kiganja cha mama yake kiko juu ya maandishi sio mvivu hata kidogo. Hebu fikiria kazi anayofanya! Mwenzake anatazama neno analitamka, yeye anabeba sura nzima kichwani ili usimgundue, na anatazama uso wako ajue kama amepatia. Mvivu hawezi hiyo kazi.

Kusoma kuna mambo mawili tunayachanganya kwa sababu kwa wengi wetu yalikuja pamoja. Kuna kuzigeuza herufi kuwa sauti, na kuna kuelewa maneno yakishakuwa sauti. La pili mwanao analiweza kuliko watoto wengi, anakishika Kiswahili cha Shaaban Robert ambacho watu wazima wanakitolea jasho. La kwanza ndo limekwama. Na masikio yake makali, hizo hizo sifa za ustadhi, ndo yamelificha la kwanza miaka yote hii. Usijilaumu kwa kutoona, alikuwa anakuficha mtu hodari.

Mimi sio daktari na sitampa mtoto jina la ugonjwa kupitia barua. Ila kuna kitu kinaitwa disleksia, na ulichoeleza kinafanana nacho vya kutosha kwamba ningekuwa wewe nisingelala juu yake. Watu wanadhani ni kuona herufi kinyumenyume, sivyo. Shida kubwa iko kwenye kuzitenga sauti za neno na kuziunganisha na herufi zake, haina uhusiano na akili ya mtoto, na haitokani na malezi wala na kusomeshwa nyumbani. Na inatembea kwenye familia. Hapo simama kidogo urudi kwenye barua yako mwenyewe. Baba aliyechelewa mpaka darasa la tano, asiyeandika meseji, anayetuma voisi, anayemwita binti amsomee barua za bima. Sisemi zaidi.

Sasa nitakukwaza. Hao wenzako wanaosema mtoto husoma akiwa tayari, hilo neno kwa mtoto wa miaka 5 au 6 nalikubali, kuna wanaochelewa kisha wanafyatuka ghafla na vitabu hawaviachi. Kwa mtoto wa miaka 9 mwenye kila siku mezani, mwenye mama anayemsomea kila usiku, anayeumwa tumbo akiona ukurasa mpya, hapana. Huyo kungoja hakumsaidii, kunamwongezea aibu tu, na ile sauti ya ndani ya shuka ndo aibu yenyewe imeanza kusema. Mwezi wa tatu ulijua, ukanyamaza. Basi, yamepita, lakini wiki hii usinyamaze.

Kwanza macho na masikio yapimwe, hiyo ni kazi ya asubuhi moja, tusije tukahangaika na mengine kumbe mtoto anataka miwani. Halafu kaa uandike barua. Sheria ya Marekani inazibana wilaya za shule za serikali ziwatafute na kuwapima watoto wa eneo lao wenye matatizo ya kujifunza, na hiyo haiishii kwa waliosajiliwa kwao tu, inawafikia na walioko shule binafsi. Texas nyumba inayosomesha watoto inahesabiwa kama shule binafsi, kwa hiyo mwanao yumo, na kupimwa ni bure. Angalia nyumba yenu iko wilaya gani ya shule, maana Houston zipo nyingi na jirani wa barabara ya pili anaweza kuwa wilaya nyingine. Andika kwa mkuu wa elimu maalumu wa wilaya hiyo, kwa maandishi, simu haitoshi kabisa, sema unaomba mtoto afanyiwe tathmini kamili na kwamba unashuku disleksia, weka tarehe, bakiza nakala. Wana siku 15 za shule kukujibu. Wakikubali na ukisaini, wana siku 45 za shule kumaliza. Siku za shule sio za kalenda, likizo hazihesabiwi, ndo maana nasema wiki hii. Wapeleke na mifano: daftari lake, habari ya kiganja, habari ya tumbo, na habari ya baba yake kama mwenyewe ataridhia.

Kupimwa sio kurudishwa shule. Ukishapata majibu ndo utakuwa na kitu cha kuamulia. Nikwambie ukweli, ukibaki nyumbani msaada wa wilaya unakuwa mdogo kuliko ukimwandikisha kwao, kwa hiyo inaweza kufika mahali mkakaa na mumeo mkasema huyu wa kati aende, wawili wabaki, au aende mwaka mmoja miwili arudi, au abaki mkamtafutie mwalimu wa disleksia kwa hela yenu. Zote ni njia za wazazi wenye akili timamu. Usiifanye kusomesha nyumbani iwe dini yako nyingine. Na usiifanye shule kuwa adhabu ya kushindwa, maana hata angekuwa shuleni disleksia ingemfuata huko huko, pengine mwalimu angeiona mapema, pengine angewekwa nyuma kwenye watoto thelathini akakariri huko huko.

Shemeji mwambie apunguze. Texas hilo la kusomesha nyumbani lilishafika mpaka mahakama ya juu ya jimbo, kesi ya Leeper, ikaamuliwa 1994, wazazi wakashinda. Tunachotakiwa mimi na wewe tukifundisha nyumbani huko ni masomo ya kweli, kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema, yawe na vitabu au vifaa vinavyoonekana. Hakuna kujisajili hakuna mtihani wa jimbo. Ila mama mkwe usimcheke. Yeye kakulia nchi ambayo sheria ya elimu ya 1978 inasema mtoto wa miaka saba aandikishwe shule na asiyempeleka ana kesi, na kaona vijiji ambavyo mtoto asiyekwenda shule ni mtoto aliyenyimwa. Kwake "hawaendi shule" maana yake ni ile. Ni hofu hiyo, mwanangu, sio roho mbaya.

Kiswahili ndo usikiguse! Lugha mbili hazileti disleksia, mtoto mwenye disleksia angekuwa nayo hata angezaliwa kwa watu wa lugha moja tu. Tena hapa una silaha ambayo huyo rafiki yako msomi hana. Kiingereza ni lugha katili kwa mtoto wa namna hii, herufi 26 zinabeba sauti zaidi ya 40, herufi ile ile leo inasema hivi kesho vile. Kiswahili a ni a mpaka kiama. Ndo maana bibi zetu walitufundisha ba be bi bo bu kwa kijiti kwenye vumbi na tukasoma. Watoto wanaosoma kwa lugha zenye tahajia nyoofu kama Kitaliano au Kifini wanaishika ile kazi ya kutamka neno mapema kuliko watoto wa Kiingereza. Haimponyi, Mtaliano mwenye disleksia naye yupo, ila yeye hakosei maneno sana, anasoma taratibu tu kama gari la mchanga. Na taratibu tunaiweza.

Kwa hiyo wakati mnangoja wilaya fanya hivi, dakika 15 kwa siku zisizidi, wewe na yeye peke yenu, binti asiwepo kabisa (binti kwa sasa ni tatizo, maskini, bila kosa lake). Anza na silabi, kata vikaratasi, ma, ta, ka, li, mwache aviunganishe kwa mkono, mata, kata, kali, tama. Maneno mengine yawe hayana maana kabisa, lita-kama-ti, acheke, maana neno lisilo na maana haliwezi kukaririwa, hapo utajua anasoma kweli. Ny, mb, ng' zije baadaye sana. Akishaunganisha mpe vijitabu vifupi vya Kiswahili, African Storybook ipo mtandaoni bure na ina vya mstari mmoja kwa ukurasa, chapa au soma kwenye simu, na chagua ambacho hajawahi kusikia. Vya kitandani usimfundishie kusoma, Shaaban Robert ni wa masikio, kila mtu na kazi yake.

Na hiyo taa moja na kitanda kimoja usiizime hata akianza kusoma kesho. Najua kuna mtu atakwambia unamdekeza kwa kumsomea. Maneno yote anayoyajua yameingia kwa mlango wa masikio, ukiufunga leo kisa mlango wa macho una kutu utamwacha nje kabisa. Muongezee. Maktaba yenu ina vitabu vya kusikiliza kwa kadi ile ile, na maktaba ya jimbo la Texas ina huduma ya vitabu vya sauti kwa watu wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, bure, na disleksia imo, ukishapata majibu ya tathmini jaza fomu yao. Historia, sayansi, vyote asikilize. Asibaki nyuma ya dada yake kwa elimu kisa amebaki nyuma kwa herufi.

Halafu kuhusu yule buibui. Mkirudia ile sura mwonyeshe kitu kimoja alichokikosa akiwa ndani ya shuka, Charlotte hakuyatoa yale maneno yote kichwani kwake. Alimtuma panya akaokoteze vipande vya karatasi jalalani vyenye maandishi, akaletewa, akatazama, akanakili. Hata fundi kama yule alimhitaji panya. Mwulize nani awe panya wake kwenye vile vikaratasi, nadhani atamchagua mdogo wake, na mdogo atafurahi kuacha maharage.

Mumeo usimpigie akiwa anaendesha. Mngoje afike nyumbani, ale, alale, kisha mwambie habari ya kiganja. Usianze na disleksia wala usimwambie "kama wewe". Msimulie tu, tumbo kuuma, kuangalia uso wako, yote, unyamaze. Kama mimi nimeisoma barua yako sawasawa hutahitaji kumalizia, atakumalizia yeye, na huenda ukasikia kitu cha darasa la tatu ambacho miaka yote ya ndoa hajawahi kukisema. Akilia mwache alie. Na fimbo asiitaje tena mbele ya mtoto kama dawa, yeye mwenyewe shahidi kwamba haikuponya, mpaka leo anasomewa barua za bima.

Mama mkwe nimemwacha mwisho kwa sababu yeye ndo rahisi. Leo leo, binti akiwa kwenye kitabu chake, mpe huyu wa kiume simu arekodi voisi ya kumsimulia bibi Morogoro habari za Adili na wale manyani, mwanzo mwisho, na sauti zao zote kama anavyomsimulia baba yake. Usimsahihishe. Itakuwa ndefu, itume hivyo hivyo. Nguruwe msimtaje.

Shangazi